BAHARI SI UKUTA: Historia ya Pepo, Mikondo na Watu wa Mwambao



Ndugu msomaji, hebu ikumbuke ile ramani ya Kenya iliyobandikwa ukutani darasani. Magharibi kuna Uganda na Ziwa Viktoria. Kaskazini kuna Ethiopia na Sudan Kusini. Kusini kuna Tanzania. Ukija mashariki, ukishaipita Somalia, rangi yageuka samawati na ramani yaishia hapo. Imeandikwa "Bahari Hindi", basi. Mtoto anayekua akiitazama ramani hiyo kila siku huamini kwamba nchi imekwisha pale, na kwamba bahari ni ukuta.

Ramadhan moja iliyopita, baada ya tarawehe, tulikuwa tumeketi barazani na vijana wetu. Kijana mmoja wa kidato cha pili akatueleza kwamba shuleni mwenzake alimwambia: "Nyinyi watu wa pwani si wa hapa. Mmeletwa na upepo." Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. Akatuuliza, "Ni kweli?"

Kila mtu akawa na jibu lake. Mmoja akasema asili yetu ni Uarabuni. Mwingine akasema sisi ni Waafrika, hakuna cha upepo wala cha jahazi. Palikuwa na mzee mmoja aliyefanya ubaharia ujanani mwake, akanyamaza mpaka wote wakamaliza. Kisha akasema: "Mwanangu, huyo mwenzako amesema nusu. Upepo ni kweli. Lakini muulize, huo upepo ulimweka mtu hapa miezi mingapi kabla haujamrudisha kwao?"

Swali la mzee yule ndilo lililonifanya niandike makala haya. Ili kulijibu yatubidi tuanze mbali kidogo, kabla ya mtu wala jahazi.

MABARA YALIPOACHANA

Wataalamu wa miamba wanatueleza kwamba Afrika, Bara Hindi, Arabuni, Madagaska, Australia, Amerika ya Kusini na Antaktika zilikuwa nchi kavu moja. Wameipa jina la Gondwana. Takriban miaka milioni 180 iliyopita nchi hiyo ilianza kupasuka, na maji yakaingia kwenye nyufa. Madagaska iliachana na mwambao wetu yapata miaka milioni 160 iliyopita. Bara Hindi likajitenga na kwenda kaskazini, polepole kabisa, mpaka likagongana na Asia yapata miaka milioni 50 iliyopita. Mgongano huo ndio ulioinua milima ya Himalaya. Kileleni Everest, mita 8,849 juu ya bahari, kuna mawe yenye mabaki ya viumbe wa baharini. Yaani kilele cha dunia kilikuwa sakafu ya bahari.

Kazi hiyo haijakwisha. Bahari ya Shamu bado inapanuka, takriban sentimita moja kwa mwaka au zaidi kidogo, Arabuni ikisogea mbali na Afrika. Kule Bab el-Mandeb nchi mbili hizi zimeachana kwa kilomita 30 hivi tu. Hiyo ndiyo bahari waliyoivuka Maswahaba waliohajiri kwenda Uhabeshi kwa Najashi, yapata mwaka 615. Kabla Uislamu haujafika Madina, ulikuwa umeshavuka maji na kuingia Afrika.

Sasa tazama umbo la bahari yetu baada ya misukosuko hiyo. Atlantiki na Pasifiki zimefunguka kwenda juu mpaka kwenye barafu za kaskazini. Bahari Hindi haikufunguka. Kaskazini imezibwa na bara kubwa kuliko yote duniani, Asia, na nyuma yake ile milima. Ni bahari yenye dari. Dari hiyo ndiyo siri ya mambo yote yatakayofuata.

KWA NINI UPEPO HUGEUKA

Jambo hili kila mama wa nyumbani alijua. Weka jikoni sufuria mbili, moja tupu na moja imejaa maji ya uji. Ile tupu yapata moto mara moja, na ukiitoa yapoa mara moja. Yenye maji yakawia kupata moto na yakawia kupoa. Ardhi ni ile sufuria tupu, bahari ni ile yenye maji.

Kuanzia mwezi wa nne au wa tano, jua huielekea Asia na ardhi yake kubwa huchomeka. Hewa ya moto hupanda juu, na hewa ya baharini hukimbilia kujaza nafasi yake. Kwetu upepo huvuma kutoka kusini kwenda kaskazini, nao ndio Kusi. Ikifika mwezi wa kumi na mbili mambo yamepinduka: Asia imepoa, hewa nzito yashuka kutoka huko kuja baharini, na kwetu upepo huvuma kutoka kaskazini mashariki. Huo ndio Kaskazi, wakati wa joto, bahari imetulia. Katikati kuna majira ya mpito ambayo wazee wetu huyaita tanga mbili, upepo usipokuwa na msimamo.

Waarabu waliita mzunguko huu "mawsim", yaani majira maalumu. Neno hilo ndilo lililotupa sisi "musimu" au "msimu". Kwa hiyo ukisema "msimu wa maembe" umetamka neno la mabaharia bila ya kujua.

MITO NDANI YA BAHARI

Upepo hauishii kwenye tanga, husukuma hata maji yenyewe. Kuna mkondo mkubwa uendao magharibi ukivuka Bahari Hindi kusini ya Ikweta. Ukishaipita Madagaska huigonga Afrika karibu na Rasi ya Delgado, kaskazini ya Msumbiji, na kugawanyika. Tawi moja hupanda kaskazini likipita Kilwa, Zanzibar na Mombasa. Maji mengine hushuka kusini na kuwa sehemu ya mkondo wa Agulhas unaopita Afrika Kusini.

Wakati wa Kusi, tawi letu hujiunga na mkondo wa Somalia na kukimbia kaskazini kwa kasi inayoweza kupita kilomita 7 kwa saa. Kaskazi ikiingia, mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini mpaka ukakutana na wetu maeneo ya kaskazini ya Lamu, kisha maji yote yakaelekea mashariki baharini. Ni ajabu. Mikondo mikubwa ya dunia kwa kawaida huenda upande mmoja mwaka mzima, lakini huu hugeuka pamoja na upepo.

Usidhani mikondo ni habari ya mabaharia peke yao. Hiyo ndiyo iamuayo bara lipi liwe kijani na lipi liwe jangwa. Chukua Durban na Port Nolloth, miji miwili ya Afrika Kusini iliyo karibu katika latitudo moja. Durban, ipitwayo na maji moto ya Agulhas, hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Port Nolloth, upande wa pili wa bara, ipitwayo na mkondo baridi wa Benguela, haifiki hata 100, na kaskazini yake ndilo jangwa la Namib. Nchi ni moja na jua ni moja. Maji ndiyo tofauti.

KUNGOJEA MUSIMU

Sasa turudi kwa swali la mzee. Jahazi likitoka Arabuni, Uajemi au Bara Hindi na Kaskazi, hufika mwambao wetu baina ya mwezi wa kumi na mbili na wa pili, limebeba tende, vitambaa, vyombo vya udongo na shanga. Nahodha akishauza mali yake na kununua pembe, dhahabu, ambari na boriti za mikoko, atarudi lini? Hawezi kurudi kesho. Upepo uliomleta bado wamkabili usoni. Yambidi angoje Kusi. Na Kusi ya katikati, mwezi wa sita na wa saba, ni kali mno, hata bandari nyingi za magharibi ya Bara Hindi zilikuwa zikifungwa. Basi ama awahi Kusi ikianza, ama asubiri mpaka inapolegea, majira ya demani, mwezi wa nane au wa tisa.

Miezi hiyo yote mtu ataishi wapi? Wazee wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu hakukaa siku tatu. Alihitaji nyumba ya kulala, mdhamini wa mali yake, mtu wa kumfasiria, na msikiti wa kuswali. Alijifunza lugha. Aliozwa. Kitabu kimoja cha Kiyunani cha uongozi wa mabaharia, cha karne ya kwanza, yaani miaka zaidi ya 500 kabla ya Mtume wetu (SAW), tayari kinawataja Waarabu waliokuwa wakioana na watu wa mwambao huu na kuijua lugha yao.

Hapa ndipo ninapoliona jibu. Upepo ulileta wageni, naam, lakini kilichoujenga mwambao ni kule kungojea. Lau ungevuma upande mmoja tu, wangekuja wachache na wasirudi. Lau ungevuma pande zote, wangenunua na kuondoka jioni ileile. Umbo la bahari yetu liliwalazimisha watu wa mabara mawili wakae pamoja miezi kadhaa kila mwaka, karne baada ya karne. Undugu hauji bila ya kukaa pamoja.

Tazama pia Kilwa. Chombo kilichotoka Arabuni kiliweza kufika Kilwa na kurudi katika mzunguko mmoja wa pepo. Kwenda mbele mpaka Sofala, kulikopatikana dhahabu ya bara, kulikuwa ni hatari ya kupitwa na musimu. Basi Kilwa ikawa ndiyo kituo, na ikatajirika. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliusifu sana mji huo. Kabla ya hapo alilala Mombasa, akatuachia habari kwamba watu wake walikuwa wa madhehebu ya Shafi, na misikiti yao ya mbao imejengwa vizuri.

NAIRUZI NA RAMADHAN

Kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Kalenda yetu ya Hijria hufuata mwezi, na kila mwaka hutangulia takriban siku 11. Ndiyo maana kuna miaka tunafunga wakati wa joto la Kaskazi, na miaka mingine tunafunga wakati wa mvua za masika au Kusi. Katika miaka 33 hivi, Ramadhan huwa imeyapitia majira yote.

Sasa nahodha hawezi kupanga safari kwa kalenda hiyo, manake upepo hufuata jua. Basi Waislamu wa bahari hii walikuwa na hesabu mbili. Ibada waliifuata kwa mwezi. Safari na kilimo waliifuata Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Bingwa wa elimu ya bahari, Ahmad ibn Majid, katika kitabu chake kikubwa alichokimaliza yapata mwaka 1490, anazitaja siku za kung'oa nanga kwa hesabu ya Nairuzi. Hakuona kwamba elimu ya nyota na pepo inapingana na dini yake. Kijana wa leo anayeiogopa fizikia na jiografia na ajifunze hapo.

SHANGA, NA USHAHIDI WA MAKABURI

Kisiwani Pate kuna magofu ya mji wa Shanga. Wachimbaji wa mambo ya kale, wakiongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980, walichimba chini ya msikiti wa mawe wakakuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine tena, mpaka wakafikia mdogo wa miti wa mwishoni mwa karne ya nane. Kwa hiyo swala imekuwa ikiswaliwa kwenye mwambao wa Kenya kwa zaidi ya miaka 1,200.

Na watu je? Mwaka 2023 watafiti walitoa matokeo ya DNA kutoka makaburi ya kale ya mwambao, yakiwemo ya Mtwapa, Manda na Kilwa. Wengi wa waliozikwa humo walikuwa watu wenye nafasi katika miji yao. Ilionekana kwamba upande wa kina mama asili yao ilikuwa karibu yote ya Afrika, na upande wa kina baba kwa wingi ilitoka Asia, hasa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza takriban mwaka 1000. Lugha nayo ikabaki ya kina mama. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na ndugu zake wa karibu ni Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro.

Basi yule aliyesema sisi ni Waarabu alisahau mama zake, na yule aliyesema hakuna cha jahazi alisahau baba zake. Mzee wetu alikuwa sahihi kuliko wote.

ALIYESHINDANA NA UPEPO

Vasco da Gama alifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, kisha Malindi. Huko alipewa rubani aliyeijua njia. Sisi sote tulifundishwa kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid. Wanahistoria wa leo hawakubali, na maandishi ya Wareno yenyewe yanamtaja mtu wa Gujarati. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, Kusi ikiwa ndiyo kwanza inaingia, wakafika Calicut tarehe 20 Mei. Hata mwezi haukutimia.

Kurudi hakusubiri. Alianza kuvuka mwanzoni mwa mwezi wa kumi, Kaskazi haijasimama. Safari hiyohiyo ikamchukua karibu miezi mitatu, na mpaka anaiona Afrika tena mwezi wa kwanza 1499, mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye. Ilibidi aichome moto meli moja kwa kukosa watu wa kuiendesha. Bahari ni ileile. Tofauti ilikuwa subira.

UPEPO HUOHUO ULIBEBA DHULMA

Haitakuwa haki kusifu tu. Pepo hizi hizi zilibeba watu waliotekwa bara, wakauzwa Zanzibar, Oman, Uajemi na kwengineko. Walioshiriki katika biashara hiyo walikuwemo Waislamu, na hilo hatuna budi tulikubali bila ya kuzungukazunguka. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na biashara ya siri ikaendelea baada ya hapo. Kizazi cha waliouzwa kiko hai mpaka leo, pande zote mbili za bahari. Anayejivunia kwamba bahari ilituleta pamoja na akumbuke pia wale walioletwa kwa minyororo. Nao ni ndugu zetu.

LEO

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na meli za moshi hazikungoja upepo. Hata hivyo majahazi hayakwisha mara moja. Mwaka 1938 Alan Villiers wa Australia alipanda bumu la Kuwait kutoka Aden, akafuatana nalo mpaka mto Rufiji kuchukua boriti, akarudi nalo Kuwait mwaka 1939. Wazee wa Mombasa wanakumbuka Bandari ya Kale ilivyojaa milingoti kila Kaskazi. Mafuta ya Ghuba yalipoleta utajiri, vyombo vikapungua mwaka hadi mwaka. Siku hizi meli hufika Kilindini, ikashusha makontena na kuondoka baada ya siku chache. Baharia hata hatumjui uso.

Lakini bahari haijaacha kutuunganisha. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitikisika karibu na Sumatra, na baada ya saa kadhaa mawimbi yakafika kwetu. Somalia walikufa karibu watu 300, na Watamu mtu mmoja. Mwishoni mwa 2019, maji ya upande wetu wa bahari yalipopata joto kuliko kawaida, sehemu nyingi za Kenya zilipata mafuriko, hata sehemu za bara ambako watu hawajawahi kuiona bahari. Sasa nani aseme bahari ni habari ya Wapwani peke yao?

Kijana yule bado yuko shule. Nilipomweleza haya akaniuliza, "Sasa nimwambie nini mwenzangu?" Nikamwambia: mwambie asante, upepo ni kweli. Kisha mwalike futari. Akikaa na wewe akangoja adhana ya magharibi, akala tende iliyotoka ng'ambo na muhogo wa nazi uliotoka shamba letu, atakuwa ameionja historia ya mwambao kwenye sahani moja. Hivyo ndivyo walivyofanya wazee wetu kwa kila mgeni aliyengojea musimu, nasi Ramadhan hii tuna siku ishirini na tisa au thelathini za kufanya hivyo.

Wallahu a'alam. Ramadhan Karim.